Kisu cha Manika na vita ya siku 6

Leo niwasimulie juu ya kisu kimoja kilichokaribia kuniharibia memwari yangu ya chuo.

Nilikinunua hapa Kolwezi, upande wa Manika, kwa mzee anayeuza vyuma vya zamani: makufuli, spana, taa za wachimba migodi. Akaniambia: «Mwana, hii iko ya balejionere ba Ufaransa, ba mwaka ya 78.» Nikalipa bila kubishana sana. Nilikuwa naandika juu ya vita ya siku 6, na nikaona nimepata ushahidi wa kushika mkononi.

Vita ile tunaijua. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, wale ba-Tigre, walitoka Angola, wakapitia Zambia, wakateka Kolwezi. Tarehe 19 Mei kikosi cha 2e REP cha Jeshi la Kigeni la Ufaransa kikaruka kwa parachuti. Kesho yake Wabelgiji wakafika. Watu waliokufa ni mamia, weusi kwa weupe.

Nyumbani nikakisafisha kisu, nikakitazama vizuri. Ubapa una tundu refu karibu na ncha, na mwishoni mwa ala kuna kijiti cha chuma. Kijiti kikiingia katika tundu, kisu na ala vinakuwa mkasi wa kukata waya. Moyo ukashtuka. Mkasi ule ni alama ya singe ya AKM, bunduki ya Kisovieti iliyotoka 1959. Walejionere walioruka Kolwezi walibeba MAS 49/56, na singe yake haina tundu lile.

Kwa hiyo, ukikuta kisu cha jeshi sokoni, usianze na hadithi ya muuzaji. Anza na namna kinavyofungwa kwenye bunduki. Singe ya Mauser 1889, bunduki ya Force Publique, ina mpini wa mbao na pete ya kupitisha mtutu. Ile ya FAL yenye mpini wa bomba tupu inavishwa kwenye mtutu wenyewe. Halafu tafuta nembo ya kiwanda: mshale ndani ya pembetatu ni Izhevsk, Urusi, lakini singe za aina ya AKM zilitengenezwa pia Poland, Romania na Ujerumani Mashariki. Linganisha namba ya kisu na ya ala. Kwangu zilitofautiana: ala ilitoka kwa kisu kingine. Mwisho, angalia kutu. Kutu ya miaka inakula chuma, inaacha vishimo, inajificha kwenye kona. Ile ya kupakwa asidi imelala sawasawa pote.

Nikarudi kwa mzee na hasira kidogo. «Papa, hii si ya Wafaransa.» Akacheka, kisha akanyamaza.

«Mwana, kaka yangu njo alikiokota. Ile wakati, nani angesema iko na kisu ya ba-Tigre? Basoda ba Mobutu bangemubeba. Njo tulisema ya Bafaransa. Tukasema, tukasema, na siye tukaamini.»

Nilikaa pale mpaka jioni, kalamu mkononi.

Sasa, tusidanganyane. Hata hivyo sijathibitisha kwamba kisu ni cha 1978. Bunduki za jamii ya AK zilipita tena Kongo katika vita vya 1996 na 1998. Chuma kinaonyesha aina na kiwanda, hakionyeshi nani alikiangusha. Katika memwari nimeweka sehemu mbili: kile ambacho kisu chenyewe kinaonyesha, na kile alichosema Papa, pamoja na tarehe niliyomsikiliza. Ile hadithi ya Wafaransa sikuifuta. Inaonyesha woga wa watu wa Kolwezi baada ya vita kuisha, na woga ule hauna nembo ya kiwanda.

Jambo moja la usalama: kitu cha namna hii usitembee nacho. Kwenye barieri hakuna atakayesikiliza somo la historia.

Na ninyi, kwenu chini ya kitanda kuna nini? Kabla ya kukiuza, kipige picha, andika namba zake, halafu keti na mzee aliyekileta. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo amepita 60. Usingoje likizo ijayo.