Ua halisafiri

Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani waliungana kwa wazo dogo lenye akili: ua libaki, agizo lisafiri. Unalipa dukani kwenu, simu ya maandishi inapigwa, na duka la mji wa mbali linafunga shada bichi na kulifikisha mlangoni.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini shada la kutoka Dar lingeshuka limenyauka. Dagaa wakavu wa Kibirizi wanaivumilia safari hiyo, ua wapi! Leo aliyeko Dar anatuma hela kwa simu, na ndugu wa Kibirizi anatafuta shada, anapanda nalo boti mpaka msibani. Wazo ni lilelile, na linasimama kwa mtu mmoja: yule wa upande wa pili. Asipoaminika, rambirambi inabaki meseji tu.