Ile stori ya wodi ya watoto walioamka: ukweli wa insulini ni mchungu kuliko hapo

Kila ikikaribia tarehe 14 Novemba, siku ya kisukari duniani, kuna stori inaanza kuzunguka mitandaoni. Inasema mwaka 1922 wanasayansi waliingia kwenye wodi kubwa huko Toronto, Canada, imejaa watoto waliopoteza fahamu kwa kisukari. Wazazi wamekaa pembeni ya vitanda, wanasubiri kifo tu. Jamaa wakaanza kuchoma sindano za dawa mpya, kitanda baada ya kitanda. Kabla hawajamfikia mtoto wa mwisho, yule wa kwanza akafumbua macho. Wodi nzima ikageuka furaha.

Stori tamu, ukiisoma lazima machozi yalengelenge. Tatizo ni moja: waandishi wa historia waliochimba kumbukumbu za Toronto hawakuikuta. Na hata ukitumia akili ya kawaida inagoma, maana mwanzoni mwa 1922 dawa yenyewe ilikuwa haitoshi hata wagonjwa wachache, achilia mbali wodi nzima.

Kilichotokea kweli ni tofauti. Na kinawahusu watoto ambao wengi wao majina yao hatuyajui mpaka leo.

KABLA YA SINDANO

Kuna kisukari cha watu wazima ambacho wengi wanakijua, kile mtu anaambiwa apunguze wali na soda. Cha watoto mara nyingi ni kingine. Hiki kinaitwa aina ya kwanza, na hakitokani na kula pipi. Kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia seli za kongosho zinazotengeneza homoni ya insulini. Bila insulini sukari inabaki kwenye damu, haiingii kwenye seli kufanya kazi. Mtoto anakula lakini mwili wake una njaa.

Kwamba kongosho linahusika kulijulikana mwaka 1889, pale Minkowski na von Mering walipomtoa mbwa kongosho na yule mbwa akapata kisukari. Kujua chanzo ni jambo moja, kupata dawa ni lingine. Ilipita zaidi ya miaka 30.

Katika miaka hiyo, mtoto akipata kisukari alikuwa anahesabiwa miezi, akibahatika sana miaka michache. Kitu pekee kilichosaidia kidogo kilikuwa njaa. Kweli kabisa, njaa. Daktari wa Marekani, Frederick Allen, aligundua kwamba mgonjwa akinyimwa chakula sukari inashuka na anaishi muda kidogo zaidi. Basi watoto wakawa wanalishwa mboga zilizochemshwa mara tatu ili hata kile kiwanga kidogo kitoke. Walikonda mpaka mifupa ikahesabika.

Miongoni mwa wagonjwa wa Allen kulikuwa na mvulana wa miaka 12, ambaye kisukari kilikuwa kimeshampofusha. Alikuwa anakaa hospitali, analindwa, lakini sukari ikawa inaonekana tu kwenye mkojo wake. Manesi wakashangaa, huyu anakula nini? Kumbe alikuwa anakula dawa ya meno, na mbegu za kumlishia ndege aliyekuwa kwenye tundu. Wakambana zaidi. Mwishowe alikufa, na kilichomuua ni njaa.

Jina lake halitajwi. Yeye na wenzake ndio watoto wa kweli wa historia hii, na hakuna aliyewaamsha.

SINDANO YA KWANZA ILIFELI

Sasa twende Toronto. Frederick Banting alikuwa daktari wa upasuaji kijana ambaye wateja walikuwa hawaji. Usiku wa Oktoba 1920 alisoma makala kuhusu kongosho, akashindwa kulala, akaandika wazo lake kwenye daftari. Akalipeleka kwa Profesa John Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto. Macleod hakuvutiwa sana, ila alimpa nafasi maabara, mbwa wa majaribio na msaidizi mwanafunzi, Charles Best. Kazi ilianza Mei 1921. Mbwa wengi walikufa kwenye joto la kiangazi kile. Baadaye akaongezwa mtaalamu wa kemia, James Collip, wa kuisafisha dawa.

Tarehe 11 Januari 1922 wakamchoma binadamu wa kwanza: Leonard Thompson, mvulana ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 15, mwenye uzito wa kilo 30 hivi. Baba yake alikubali kwa sababu hakuwa na cha kupoteza.

Je, aliamka akacheka? Hapana. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipochomwa pakaota jipu. Dawa ilikuwa chafu. Wakasimamisha.

Ebu fikiria hizo siku 12 zilizofuata. Mtoto amelala wodini, wataalamu maabara wanagombana, kweli wanagombana, huku Collip akihangaika usiku na mchana kuisafisha dawa. Tarehe 23 Januari wakamchoma tena, na safari hii ikafanya kazi. Sukari ikashuka, nguvu zikarudi. Leonard aliishi miaka mingine 13, akafa kwa nimonia mwaka 1935, bado kijana.

NANI APEWE, NANI AACHWE

Hapa ndipo stori ya mitandaoni inapoficha jambo kubwa zaidi. Miezi michache tu baada ya mafanikio hayo, Collip alishindwa kuitengeneza tena! Utaratibu uliofanya kazi kwenye chupa ndogo uligoma walipotaka kutengeneza nyingi. Kwa wiki kadhaa dawa haikuwepo. Habari zilikuwa zimeshasambaa, wazazi wanaandika barua kutoka kila kona, na jibu ni hakuna.

Mmoja wa walioandika alikuwa mama wa Elizabeth Hughes. Elizabeth alikuwa mtoto wa Charles Evans Hughes, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Kwanza mama alijibiwa kwamba dawa haipo. Lakini Agosti 1922 binti akapokelewa Toronto, anakaribia miaka 15, ana kilo 20 tu. Akapona njaa, akarudi shule, akaolewa, akazaa. Alifariki 1981 akiwa na miaka 73, baada ya kuchomwa sindano zinazokadiriwa kufika 42,000.

Si kila aliyepata alikuwa mtoto wa mkubwa. Leonard Thompson alitoka familia ya kawaida tu. Ila kwa kila mmoja aliyeingia kwenye orodha, kulikuwa na wengi ambao barua zao zilifika na dawa haikufika.

Banting, Best na Collip waliuza haki ya ugunduzi wao kwa chuo kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka asitokee mtu wa kuihodhi. Nobel ya 1923 ikaenda kwa Banting na Macleod. Banting akagawana fedha na Best, Macleod akagawana na Collip. Dawa ikawa inatengenezwa kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni, mpaka mwaka 1982 insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria ilipoidhinishwa Marekani.

INSULINI SI UPONYAJI

Jambo lingine ambalo stori ya wodi inadanganya ni kwamba mtoto aliamka, basi yakaisha. Hayakuisha. Watoto waliookolewa walikua, na wengi wakaanza kupoteza macho na figo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Canada uliowafuatilia watu 1,441, wakiwemo vijana wadogo, ulitoa majibu mwaka 1993: ukiidhibiti sukari kwa karibu kila siku, madhara hayo yanapungua sana. Yaani sindano peke yake haitoshi. Panahitajika kipimo, chakula cha kueleweka, na mtu wa kumfundisha mzazi.

HUKU KWETU

Mwaka 1993 huohuo yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa miaka 10 kuhusu kisukari cha watoto na vijana Dar es Salaam. Ilionekana wanaogunduliwa ni wachache sana, kama mmoja au wawili kwa kila watu laki moja wa umri huo kwa mwaka. Unaweza kufurahi. Lakini hao ni waliofika hospitali wakapimwa. Mtoto anayehema haraka, anatapika na kupoteza fahamu anaweza kutibiwa malaria, au akasemwa amerogwa, akazikwa bila mtu kupima sukari. Huyo haingii kwenye hesabu yoyote.

Tatizo lingine lilikuwa madaktari. Mwaka 2008 kilianzishwa kituo Nairobi cha kuwafundisha madaktari wa watoto kutoka nchi za Afrika ubingwa wa homoni: kisukari, tezi ya shingo, watoto wasiokua na mengineyo.

Na kuna utafiti wa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Kwa miaka mingi sheria ilikuwa insulini lazima ikae kwenye friji. Asiye na friji alilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa. Watafiti wakapima joto halisi la kwenye makazi ya watu, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaijaribu insulini maabara kwa joto hilohilo. Mwaka 2021 wakatoa jibu: chupa iliyofunguliwa inadumu wiki nne bila kupoteza nguvu. Kwa familia isiyo na umeme, hiyo ni kama kurudishiwa maisha.

KABLA HUJAONDOKA

Zishike dalili hizi. Mtoto anakojoa sana. Kiu haiishi. Anakula lakini anakonda. Alishaacha kukojoa kitandani, ghafla ameanza tena. Amechoka muda wote. Pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana.

Ukiziona, usisubiri wiki iishe. Nenda kituo cha afya leo na uombe apimwe sukari. Ni tone moja la damu kidoleni, majibu chini ya dakika. Hata kama wameshasema ni malaria, omba tu.

Yule mvulana wa miaka 12 aliyekula mbegu za ndege alizaliwa kabla dawa haijapatikana. Mtoto wa leo hana sababu hiyo. Je, umewahi kumuona mtoto mwenye kisukari mtaani kwenu, na aligundulika vipi? Waambie wengine hapo chini.