Tuzo za Ivor Novello

Tuzo za Ivor Novello, kwa mkato Ivors, hutolewa kila mwaka jijini London kwa watunzi wa nyimbo na muziki wa Uingereza na Ireland. Zilianza mwaka 1956. Mwandalizi wake ni The Ivors Academy, chama cha watunzi chenye asili yake mwaka 1947.

Ivor Novello (1893–1951), ambaye tuzo hizi zina jina lake, alikuwa mtunzi na mwigizaji mzaliwa wa Cardiff, Wales. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alitunga muziki wa "Keep the Home Fires Burning", ukaenea upesi kwa askari na jamaa zao. Maneno ya wimbo huo aliyaandika mshairi Mmarekani, Lena Guilbert Ford, aliyeuawa London mwaka 1918 kwa bomu la ndege za Kijerumani. Anastahili kutajwa kila anapotajwa Novello.

Uzito wa Ivors uko hapa: anayetuzwa ni mtunzi, awe ameimba au hakuimba. Aliyehudhuria taarab anajua fedha za kutunza humwendea mwimbaji jukwaani, ilhali mshairi aliyeyasuka maneno huenda hata ukumbini hayumo. Ivors humwita huyo mbele. Vipengele vikuu huamuliwa na watunzi wenzake, wanaopima maneno, melodi na jinsi vilivyoshikana. Mauzo si hoja. Kipengele cha kazi iliyopigwa zaidi ndicho hufuata hesabu. Muziki wa filamu, televisheni na michezo ya video nao una nafasi yake.

Mshindi hupewa sanamu ya shaba ya Euterpe, mungu wa kike wa muziki na ushairi katika imani ya Wagiriki wa kale. Amy Winehouse aliichukua mara tatu katika miaka mitano, 2004, 2007 na 2008, kwa nyimbo zilizotoboa wazi maumivu yake. Heshima ya juu kabisa ni ufelo (Fellowship) wa chama hicho. Paul McCartney aliupata mwaka 2000, na mwaka 2024 akamkabidhi Bruce Springsteen, mtunzi wa kwanza wa kigeni kuupokea.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mshindi wa karibu zaidi ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Ivor yake ya kwanza aliipata mwaka 1975 kwa "Killer Queen", wimbo alioutunga peke yake. Mji Mkongwe una jumba la kumbukumbu yake tangu 2019, na wengi wanaoingia humo wamevutwa na sauti. Tuzo hii ilikuwa ya kalamu.