Kanisa la Mtaa wa 30

Katika kisiwa cha Manhattan mjini New York, upande wa mashariki wa Mtaa wa 30, palikuwapo kanisa la karne ya 19 ambalo, baada ya waumini wake kulihama, lilitwaliwa na kampuni ya santuri ya Columbia mwishoni mwa miaka ya 1940, likageuzwa kuwa studio, likadumu katika kazi hiyo hadi mwaka 1981, kisha likabomolewa na mahali pake pakajengwa nyumba za kuishi. Wenyeji wa kazi waliliita Kanisa tu. Dari lake lilikwenda juu mno, na husimuliwa kwamba wakubwa walikataza kuta zisipakwe rangi wala mapazia yasikung'utwe vumbi, kwa kuchelea kuuharibu mwangwi ambao hapana fundi angeweza kuurudisha.

Chumba hicho kimoja, katika mwaka mmoja wa 1959, kilizaa santuri tatu za jazi ambazo hata leo, mgeni wa muziki huo akitaka shauri la kusikiliza nini, ni muhali kuziacha. Zamani mpiga jazi alibanwa na santuri za mizunguko 78, zilizochukua kiasi cha dakika tatu kila upande. Santuri ndefu, ambayo Columbia yenyewe iliitoa mwaka 1948, ilimfungulia dakika 20 na ushei, naye akapata wasaa wa kufikiri.

Tarehe 2 Machi na 22 Aprili, mpiga tarumbeta Miles Davis aliingia humo pamoja na John Coltrane, Cannonball Adderley, Bill Evans na wenziwe, akawakabidhi nota chache mno, akawaachia wajitafutie njia. Badala ya kukimbizana na mafungu ya nota yanayobadilika kila kufumba na kufumbua, kama ilivyokuwa ada ya jazi ya mtindo wa bibopu, walitua juu ya ngazi moja ya sauti kwa muda mrefu, jambo ambalo msikilizaji wa taarabu aliyelelewa na maqamu hataliona geni. Mashine ya kunasia sauti siku ya kwanza ilizunguka polepole kuliko ipasavyo, hata upande wa kwanza wa santuri yao, Kind of Blue, ukatoka umepanda sauti kidogo, na ikapita zaidi ya miaka 30 kabla kosa halijasahihishwa. Santuri ilitoka tarehe 17 Agosti. Siku nane baadaye, Davis akiwa amesimama nje ya klabu ya Birdland alimokuwa akipiga, polisi walimpiga kichwani hata damu ikamtoka.

Mpiga piano Dave Brubeck, ambaye mwaka uliotangulia serikali ya Marekani ilimpeleka ng'ambo kupiga muziki, aliwasikia wapigaji wa mitaani mjini Istanbul wakienda kwa mizani ya tisa, akarudi nayo. Mwenziwe Paul Desmond akatunga Take Five kwa mizani ya tano, na alipofariki mwaka 1977 aliusia mapato ya lahani zake yaende kwa Msalaba Mwekundu. Santuri yao, Time Out, mimi huisikiliza kwa heshima zaidi kuliko kwa mahaba. Hesabu zake husikika.

Mahaba yangu yako kwa santuri ya tatu, Mingus Ah Um, iliyonaswa mwezi Mei. Lester Young, bingwa wa saksafoni, alikuwa amefariki tarehe 15 Machi, na Charles Mingus akamtungia marsiya isiyo na maneno, ambayo tangu hapo wapigaji wengi wameirudia. Kisha kuna Fables of Faubus, dhihaka kwa Orval Faubus, gavana wa Arkansas, aliyetuma askari mwaka 1957 kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie katika shule ya Little Rock. Inasemekana kampuni iliyakataa maneno ya wimbo huo. Hakika ni kwamba haukutoka nayo, na mwaka 1960 Mingus aliyatamka, akiitikiwa na mpiga ngoma wake Dannie Richmond, kwa kampuni changa ya Candid. Hata hivyo ningemshauri mnunuzi aanze na ile iliyo kimya, kwa kuwa mle kejeli yote imebebwa na saksafoni, zinazotembea kwa madaha ya mkubwa asiyejua kwamba anachekwa.