Nafuu ya Sikukuu: Funzo la Rochdale

Wanachama wenzetu, tunapoadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, yafaa tukumbuke jinsi ushirika ulivyowapatia watu wa kipato kidogo nafuu ya manunuzi.

Tarehe 21 Desemba 1844, siku 4 kabla ya Krismasi, wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka dogo katika barabara ya Toad Lane. Waanzilishi walikuwa 28, na mtaji wao pauni 28. Waliuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Zama zile maskini wengi walinunua kwa mkopo, wakapewa vyakula vilivyochanganywa takataka, na deni likawafunga kwa mwenye duka.

Watu wa Rochdale hawakushusha bei ili kuvuta wateja. Waliuza kwa bei ya soko, kwa fedha taslimu na mizani ya haki. Kisha faida ikarudishwa kwa kila mwanachama kwa kadiri ya manunuzi yake. Baadaye vyama vingi vya Uingereza vilitoa vibati vya kuhesabia manunuzi hayo, na katika miaka ya 1960 vingi vikatumia stempu. Mgawo huo ulizinunulia jamaa nyingi nguo na viatu vya sikukuu pasipo deni.

Kuponi ya mfanyabiashara hutolewa apendapo, hukoma apendapo. Mgawo wa mwanachama ni haki iliyoandikwa katika masharti. Basi Idi au Krismasi ikaribiapo, tusiulize tu bei imepunguzwa kiasi gani. Tuulize pia faida yaenda kwa nani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kiwe chetu.