Stelingi Aliyetupa Upanga

Tarehe 3 Machi 1988, George Lucas alifika mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani jijini Washington kutetea filamu za watu wengine. Siku hizo wafanyabiashara waliomiliki filamu kongwe walikuwa wakizitia rangi zile zilizopigwa kwa nyeusi na nyeupe, ili ziuzike tena kwenye televisheni. Lucas hakumung'unya maneno. Anayeibadilisha kazi ya sanaa kwa kutafuta faida au kuonyesha ubabe, alisema, ni mshenzi. Akawaonya maseneta kwamba leo ni rangi, kesho mitambo itaweza kubadilisha sura za waigizaji na hata maneno waliyoyasema, na kwamba nakala asili nazo ziko hatarini.

Tuyaweke kiporo maneno hayo.

Miaka 11 kabla yake, Jumatano ya tarehe 25 Mei 1977, filamu yake ya Star Wars ilikuwa imeanza kuonyeshwa katika kumbi 32 tu Marekani nzima. Ilikuwa hadithi ya Luke Skywalker, kijana wa shambani. Binti wa kifalme aliyetekwa. Mfanya magendo mwenye chombo chakavu cha anga. Na adui aliyefunikwa kofia nyeusi uso mzima. Jangwa lake lilipigwa Tunisia, na sehemu nyingi za ndani zikapigwa katika studio za Elstree, nje kidogo ya London. Lucas mwenyewe husimulia kwamba siku ya uzinduzi alikuwa amezama kazini hata akasahau. Alipotoka kwenda kula Hollywood aliona umati umeuzunguka ukumbi wa Chinese Theatre, akajiuliza kumetokea nini.

Lililomtajirisha ni jambo ambalo wanasheria wa kampuni ya 20th Century Fox hawakuliona zito. Badala ya kudai ujira mnono wa kuongoza filamu, alijiwekea haki za miendelezo na za bidhaa. Krismasi ya mwaka ule kampuni ya Kenner, iliyopewa leseni ya kutengeneza wanasesere wa filamu hiyo, haikuweza kuwatengeneza kwa wakati. Ikauza maboksi yasiyo na mwanasesere. Ndani mlikuwa na hati: mtoto aitume kwa posta, naye ataletewa wanasesere wanne mwaka unaofuata. Wazazi walinunua. Kila nikisoma habari za ugomvi uliokuja baadaye nalikumbuka boksi lile, kwa maana kuanzia hapo mashabiki hawa walizoea kulipia ahadi.

Ahadi ya kwanza ilitimizwa, ingawa si wote waliona hivyo papo hapo. The Empire Strikes Back, iliyoongozwa na Irvin Kershner na kutoka Mei 1980, ilimalizika vibaya kwa makusudi: Luke amekatwa mkono, rafiki yake amegandishwa, na adui amemwambia kwamba yeye ndiye baba yake. Wapo wahakiki walioipokea kwa ubaridi, na wapo watazamaji waliodai wamepewa nusu ya hadithi kwa bei ya nzima. Leo ukimuuliza shabiki filamu ipi ni bora kuliko zote, mara nyingi atakutajia hiyo hiyo. Ya tatu, Return of the Jedi ya mwaka 1983, ilifunga hesabu zote, lakini ikalaumiwa kwa vijitu vyake vya manyoya vilivyofanana mno na midoli ya dukani.

Sisi wa huku tuna sababu yetu ya kuikumbuka hiyo ya tatu. Katika vita vya mwisho, pembeni ya shujaa Lando Calrissian ndani ya kile chombo chakavu, ameketi rubani mwenye mashavu mapana aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, ambaye fundi sauti Ben Burtt alimwomba aseme maneno ya lugha za kwao. Watazamaji wa dunia nzima walisikia lugha ya sayari ya mbali. Wakenya walioijua walisikia mtu wa nyumbani akizungumza.

Halafu kikafuata kimya cha miaka 16. Riwaya na michezo ya kompyuta vikajaza pengo, na watoto wa mwaka 1977 wakawa watu wazima wenye mishahara. Mwaka 1997, kuadhimisha miaka 20, Lucas alizirudisha filamu zake tatu kumbini, lakini alikuwa amezigusa kwa kompyuta. Aliongeza wanyama, majengo, wimbo. Palipowauma watu zaidi ni dakika moja ndani ya baa. Katika filamu ya kwanza mfanya magendo Han Solo, akiwa ameelekezewa bastola mezani na mwindaji aitwaye Greedo, anamuua kwa kumpiga chini ya meza. Sasa Greedo ndiye aliyepiga kwanza, akakosa akiwa umbali wa kuguswa kwa mkono. Lucas alieleza kwamba hakutaka shujaa wake aonekane muuaji. Mashabiki wakachapisha fulana zenye maneno kwamba Han ndiye aliyepiga kwanza. Wakaomba nakala ya zamani wakanyimwa; ilipotolewa hatimaye kwenye DVD mwaka 2006, ilikuwa kama nyongeza ya pembeni, picha yake hafifu. Kiporo cha Washington kilikuwa kimechacha.

Ndipo ukaja mwaka 1999. Miezi sita kabla ya filamu mpya kutoka, Novemba 1998, kionjo chake kilianza kuonyeshwa kabla ya filamu nyingine, mojawapo Meet Joe Black yenye karibu saa tatu. Kuna watu walionunua tiketi ya Meet Joe Black, wakatazama kionjo cha dakika mbili, wakainuka na kwenda zao. Hollywood, nje ya ukumbi ule ule wa Chinese Theatre, foleni ilianza zaidi ya mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe.

The Phantom Menace ilitoka tarehe 19 Mei 1999. Ilirudi nyuma, kueleza utoto wa yule adui wa kofia nyeusi. Maandishi ya njano ya mwanzo, yale ambayo mwaka 1977 yalitangaza vita na uasi, sasa yalizungumzia mgogoro wa kodi za njia za biashara. Ile Nguvu ya siri ambayo watoto walijaribu kuivuta kwa kunyoosha vidole kitandani ilipimwa kwa tone la damu, kama malaria. Na kulikuwa na Jar Jar Binks, kiumbe mwenye masikio marefu aliyetengenezwa kwa kompyuta, aliyejikwaa kila hatua na kuzungumza kwa lafudhi iliyowakumbusha wengi jinsi Hollywood ya zamani ilivyowadhihaki watu weusi.

Hata hivyo huzuni haikushuka siku ile. Katika masimulizi ya mashabiki, nao wamesimulia sana, kinachojirudia ni kwamba walitoka ukumbini wakisema ni nzuri. Wakarudi mara ya pili kuhakikisha, na ya tatu. Ndiyo maana filamu iliyolaumiwa kiasi hiki ilikusanya dola milioni 924 duniani: aliyekata tamaa alikuwa ameshalipa mara kadhaa. Kisha hasira zikatafuta pa kutokea. Mhariri wa filamu wa California, Mike J. Nichols, aliichukua akaikata, akapunguza takriban dakika 20 na sehemu kubwa ya mbwembwe za Jar Jar. Kanda yake ikazunguka mkono kwa mkono. Uingereza, katika mfululizo wa vichekesho wa Spaced wa mwaka 2001, Simon Pegg aliigiza muuzaji wa duka la katuni anayefukuzwa kazi kwa kumfokea mtoto aliyetaka mwanasesere wa Jar Jar. Kichekesho hicho kiliona kitu ambacho wahakiki wengi hawakukiona: mtoto alikuwepo dukani, na alikuwa amempenda Jar Jar.

Aliyeigiza Jar Jar ni Ahmed Best, mchezaji wa jukwaani mwenye miaka 25 wakati filamu inatoka. Mwaka 2018 aliandika hadharani kwamba kejeli za wakati ule zilimfikisha pabaya hata akasimama kwenye daraja New York akifikiria kujiua. Jake Lloyd, aliyemwigiza Anakin, yaani yule adui wa kofia nyeusi utotoni, akiwa na miaka minane, aliacha kuigiza baada ya miaka michache. Filamu mbili zilizofuata, za 2002 na 2005, nazo zilipata lawama zao, hasa mazungumzo makavu ya mapenzi katika ile ya kwanza. Hii ya pili ilisamehewa kiasi kwa sababu ilimfikisha Anakin ndani ya kofia yake.

Oktoba 2012 Lucas aliiuza kampuni yake kwa Disney kwa dola zaidi ya bilioni 4, akakabidhi na muhtasari wa filamu tatu zijazo. Disney hawakuufuata. Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa Disney, ameandika kwamba Lucas aliona amesalitiwa, na kwamba alipooneshwa The Force Awakens ya mwaka 2015 alilalamika kwamba haina jipya. Mzee aliyelaumiwa miaka 18 kwa kubadilisha mambo sasa aliketi upande wa walalamikaji, akitaka mabadiliko. Filamu yenyewe ilivuka dola bilioni 2. Lupita Nyong'o alikuwemo, sauti na miondoko yake nyuma ya umbo la kompyuta la Maz Kanata, na Nien Nunb alirudi na sauti ile ile ya Rotich. Malalamiko yalikuwa kwamba imeinakili mno ile ya 1977. Sidhani kama Lucas alikosea.

Picha ya mwisho ya The Force Awakens ni Rey, binti asiye na kwao, akimnyooshea Luke mzee upanga wake wa mwanga juu ya kisiwa. Watu wakasubiri miaka miwili kuona ataupokeaje.

Desemba 2017, katika The Last Jedi ya mwongozaji Rian Johnson, Luke anaupokea, anautazama, na kuutupa nyuma ya bega kama ganda la ndizi. Wapenzi wa sinema wa Afrika Mashariki wana kanuni wasiyoijadili: stelingi hafi. Johnson alimuua stelingi, lakini kifo chake hakikuwa kosa lililowauma watu zaidi, maana alikufa kwa heshima akiwaokoa wenzake. Kosa lilikuwa kabla ya hapo. Stelingi alikuwa amekimbia vita, amejificha, amekata tamaa, na aliwahi hata kumwashia upanga mpwa wake aliyelala. Mark Hamill, aliyemwigiza Luke tangu ujana wake, alisema wazi kwamba hakukubaliana na Johnson, ingawa baadaye alijuta kuyaanika hayo. Mimi naiona hiyo ndiyo filamu pekee kati ya zile tatu mpya iliyothubutu kuuliza swali. Lakini naelewa uchungu wa mtu aliyekaa miaka 34 na picha ya Luke moyoni kisha akaoneshwa mzee mwenye kisirani.

Uchungu huo ulichanganyika na sumu nyingine. Ombi la kutaka filamu hiyo ifutwe kwenye hadithi rasmi lilipata saini zaidi ya 100,000. Kelly Marie Tran, binti wa wakimbizi wa Vietnam aliyeigiza fundi Rose Tico, alitukanwa kwa rangi na umbo lake hadi, Juni 2018, akafuta picha zake zote Instagram. Mtafiti Morten Bay alipochunguza jumbe alizoandikiwa Johnson kwenye Twitter alikuta kwamba zaidi kidogo ya nusu ya zile za kulaani zilionekana kutoka kwa wachochezi wa kisiasa na akaunti zisizo za watu. Zilizobaki zilikuwa za watu walioumia kweli.

Disney walisikia, na hapo ndipo historia hii inapochekesha. Abrams, mwongozaji wa ile ya 2015, aliitwa tena. Katika The Rise of Skywalker ya Desemba 2019, Rey anautupa upanga ule motoni. Mzimu wa Luke unaudaka na kumwambia kwamba silaha ya mpiganaji wa Jedi yastahili heshima zaidi. Hata asiyejua lolote kuhusu ugomvi angehisi kwamba maneno yale yanaambiwa mtu aliye nje ya filamu. Rose Tico alibakiziwa dakika moja na ushei. Mfalme Palpatine, adui aliyetupwa shimoni mwaka 1983, alifufuka kwa sentensi moja ya maandishi ya mwanzo, na tangazo la kurudi kwake lilikuwa limechezwa kwanza ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite. Walioichukia The Last Jedi hawakutulia, walioipenda walikasirika, na mapato yakashuka kutoka dola bilioni 1.33 hadi 1.07.

Miezi minane kabla ya filamu hiyo, Aprili 2019, Ahmed Best alikuwa amepanda jukwaani Chicago kwenye maadhimisho ya miaka 20 ya The Phantom Menace. Ukumbi uliinuka kumshangilia. Wengi wao walikuwa wale watoto wa dukani, sasa watu wazima wenye mishahara. Mwaka 2023 aliigiza Jedi anayemwokoa kitoto Grogu katika mfululizo wa The Mandalorian, na Mei 2024 filamu iliyowahi kuitwa aibu ilirudishwa kumbini ikashika nafasi ya pili kwa mauzo Marekani wikiendi hiyo.

Tarehe 12 Juni 2025, taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilitoa ghalani kitu ambacho mashabiki walikuwa wakikiomba tangu 1997: nakala ya Star Wars iliyochapwa mwaka 1977 kwa rangi za Technicolor zisizofifia, haijaguswa na kompyuta. Tiketi ziliisha. Humo Han bado anapiga peke yake. Na maandishi ya njano yalipoanza kupanda London usiku ule, hayakuwa na namba ya sehemu juu yake. Namba iliongezwa mwaka 1981, filamu ilipokuwa tayari ina mwendelezo.