Landrova za Mara Enzi za Uhaba wa Vipuri

Naandika niliyoyaona katika gereji za Musoma baada ya Vita vya Kagera vya 1978-79. Fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri vikatoweka madukani hadi Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984.

Landrova iliyokufa Bunda haikutupwa. Injini yake ya sentimita za ujazo 2,286 ilifunguliwa. Silinda zikachongwa, zikatiwa pistoni za saizi kubwa zaidi. Krenki nayo ilichongwa, ikavishwa beringi nene. Mwenye kutaka kubana mafuta alitoa injini ya petroli akafunga ya dizeli, maana ujazo ulikuwa uleule. Series IIA, iliyokwaruza gia ya kwanza na ya pili, ilipewa giaboksi ya Series III pamoja na klachi yake.

Kwa ufundi huo mgonjwa wa Butiama alifikishwa hospitali Musoma.

Mafundi wale wanazidi kutuacha, na vipimo vyao vimo vichwani. Vijana, nendeni mkawaulize, mkaandike. Ujuzi usioandikwa huzikwa na mwenyewe.